Leza ipi, bei gani, na ngao 45 za Mei Mosi: jibu kwa msomaji wa Mwanza

Swali: "Shikamoo kaka. Nina steshenari hapa Mwanza. Natoa kopi, nachapa vyeti na kupokea oda za mihuri. Kila wiki wateja wananiuliza ngao na vikombe, nami nawapeleka kwa wengine. Nimepata mashine ya leza ya CO2 ya wati 60, lakini fundi mmoja ananishauri ninunue ya faiba kwa kuwa ndiyo inayochonga chuma. Nichukue ipi? Glasi nilizopeleka kuchongwa zilirudi kingo za herufi zimebanduka. Kosa ni la nini? Bei naipangaje nisije nikala mtaji? Na kuna taasisi ya umma imeniuliza ngao 45 za Mei Mosi, na mashine bado sijanunua. Niikubali?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mambo manne, na yote yanakutana mahali pamoja: mteja wa ngao analipia jina lililoandikwa sawasawa na lililofika kabla ya sherehe. Mbao na kioo angevipata popote. Ukilishika hilo, hata uchaguzi wa mashine unakuwa mwepesi.

Leza ya CO2 hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa mikromita 10.6. Mwanga huo hunywewa vizuri na mbao, akriliki (plastiki ngumu inayofanana na kioo), ngozi, karatasi, raba, jiwe na kioo, lakini chuma kitupu kinaurudisha. Faiba hutoa mikromita 1.064, na hapo mambo yanageuka: chuma, alumini na shaba vinaupokea, ila mbao haitoki vizuri na akriliki angavu inaupitisha tu kama dirisha. Kwa hiyo fundi wako hakukudanganya. Alichosahau kukuuliza ni wateja wako wanaleta nini.

Wewe unapokea oda za mihuri. Raba maalumu ya mihuri inachongwa na CO2, na muhuri ni kazi ya kila siku, haingoji Mei Mosi wala mahafali. (Muhuri wa taasisi usiuchonge bila barua na kitambulisho cha aliyeileta; weka nakala kwenye faili. Muhuri wa kughushi unaweza kukufungia duka.) Ngao za mbao, tuzo za akriliki, beji za majina za plastiki ya rangi mbili, vibao vya mezani, zote ni kazi za CO2. Hata kwenye chuma hujafungiwa mlango: chupa ya maji iliyopakwa rangi, CO2 huondoa rangi ikaacha stenlesi inang'aa chini yake, na alumini iliyotiwa rangi kwa njia ya umeme (anodaizi) hubaki nyeupe pale leza ilipopita. Chukua CO2. Faiba itafuata siku ambayo kalamu za chuma, saa na vishikio vya funguo vitakuwa vinakuja kwa wingi wa kuilipia. Mpaka siku hiyo kazi hizo zipeleke kwa huyohuyo fundi, naye akuachie kamisheni.

Ukishanunua, linda tyubu. Ni bomba la kioo linalotoa mwanga wa leza, na linapozwa kwa maji yanayozunguka muda wote linapowaka. Maji yakisimama, tyubu inaweza kupasuka papo hapo. Tumia maji yaliyokenekwa, ya bomba yanaacha chokaa na yanapitisha umeme, na uyaweke kati ya nyuzi 15 na 25 za Selsiasi. Ndoo na pampu ya akwarium haitoshi kwa jua letu la mchana. Nunua chila (mashine ya kupoza maji) yenye kompresa. Lakini usiyashushe maji mpaka tyubu itoe jasho, kwa sababu unyevu huo kwenye umeme mkubwa ndio unaoua pawa saplai, boksi linaloilisha tyubu umeme. Usiiendeshe kwa nguvu yote. Ukibaki asilimia 70 hadi 80 tyubu inakaa muda mrefu zaidi. Umeme unaoyumba unahitaji stebilaiza, na waya wa ardhi lazima uwe wa kweli, uliopimwa na fundi umeme. Ndani ya pawa saplai kuna maelfu ya volti yanayoweza kubaki hata baada ya kuzima, kwa hiyo usilifungue boksi lile mwenyewe. Moshi uvutwe na feni mpaka nje ya jengo. Kizima moto kiwe jirani, na mashine ikiwa inakata usitoke hata kwenda kupokea simu. Akriliki ikishika moto inaendelea kuwaka kama mshumaa.

Jambo moja halina mjadala: usikate plastiki ya PVC. Ikipigwa na leza hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu inakuwa asidi. Asidi hiyo inaingia kwenye mapafu yako kwanza, kisha inakula reli, lenzi na bodi za mashine. Hatari ni kwamba PVC imejificha: zile bodi nyepesi nyeupe za mabango ni PVC, na kadi za vitambulisho na ngozi nyingi za bandia ni PVC pia. Mteja akileta kitu usichokijua, kipime. Choma waya wa shaba mpaka uwe mwekundu, uguse kwenye plastiki, urudishe waya kwenye moto. Moto ukigeuka kijani, kuna klorini ndani. Mrudishie mteja kitu chake.

Sasa glasi zako. Leza haikati kioo. Inakipasha joto kwa ghafla, na juu ya kioo vinatokea vipasuko vidogovidogo ambavyo macho yetu yanaviona kama weupe. Nguvu ikizidi, au mistari ikibanana sana, vipasuko vinaungana na kipande kinabanduka, ndicho kilichokupata. Inaelekea aliyekuchongea alitumia mipangilio ya mbao kwenye kioo. Mwambie ashushe uchongaji mpaka doti 300 kwa inchi, apunguze nguvu, na eneo lililojaa weusi kwenye mchoro alibadilishe kuwa kijivu cha asilimia 80 ili doti zisigusane. Kisha juu ya glasi alaze karatasi ya gazeti iliyoloweshwa, iliyokaa bila viputo, au apake sabuni ya vyombo nyembamba. Inachukua joto lililozidi. Akimaliza, asugue kwa brashi laini kutoa chenga, maana mteja atakayeinywea hiyo glasi hatakiwi kupata chenga mdomoni.

Kwa tuzo za kristali nene za wakurugenzi mimi siziamini leza. Leza inaacha weupe wenye mikwaruzo, na kristali yenye madini ya risasi inaweza kupasuka kabisa. Kazi hiyo ni ya kupiga mchanga: unabandika stika iliyokatwa umbo la maandishi, unapiga chenga za alumini oksaidi kwa upepo wa kompresa ndani ya kabati lililofungwa, na unapata herufi laini zenye kina. Usitumie mchanga wa mtoni. Vumbi lake lina silika, na silika huharibu mapafu polepole bila kurudi nyuma.

Akriliki iko ya aina mbili, na sokoni wauzaji wengi hawatakwambia ni ipi. Iliyomiminwa kwenye kalibu huchongeka nyeupe kama barafu. Iliyosukumwa na mashine huyeyuka, kingo zinakuwa na ulimbo na maandishi yanabaki angavu yasiyosomeka. Omba kipande kidogo, uchonge herufi moja kabla ya kununua shiti nzima. Chonga upande wa nyuma kwa maandishi yaliyogeuzwa, ili mbele ibaki laini na maandishi yaonekane yakielea ndani. Na ukimaliza kukata usifute kingo kwa spiriti: akriliki iliyopata joto ikiguswa na spiriti inatoa nyufa ndogondogo, wakati mwingine baada ya siku kadhaa, tuzo ikiwa imeshawekwa kabatini kwa mtu. Maji yenye sabuni yanatosha.

Mbao ndiyo furaha ya kazi hii. Mninga unachongeka kwa rangi ya kahawia iliyokolea na unapendeza bila kuongezewa kitu. Bandika tepu ya karatasi juu yake kabla ya kuchonga, uichonge humohumo, kisha uivue; moshi utabaki kwenye tepu badala ya kwenye mbao. Mtiki una mafuta, moshi wake ni mwingi, safisha lenzi mara kwa mara. Mpingo wateja wanaupenda kwa wageni wakubwa, lakini ni mweusi, na uchongaji mweusi juu ya mweusi hausomeki mpaka ujaze herufi kwa rangi ya dhahabu au nyeupe kabla ya kutoa tepu. Mpingo pia uko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Januari 2017, kwa hiyo mteja anayempa mgeni wa kusafiri nao mwambie aulize TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) kuhusu kibali mapema, wasije wakazuiwa uwanja wa ndege.

Pleti (vibao vidogo vinavyobandikwa kwenye ngao) za rangi, zile zenye nembo ya taasisi kwa rangi zake zote, usihangaike kuzichonga. Hizo ni sablimesheni: unachapa kwa wino maalumu, unakandamiza kwenye alumini iliyopakwa koti jeupe la polima kwa nyuzi kama 200, kwa dakika moja hivi, na wino unageuka gesi na kuingia ndani ya koti. Mashine yake ni ndogo, ukilinganisha na leza. Kwa duka linaloanza, leza na sablimesheni vinatosha kwa karibu kila kinachoombwa.

Nimefika kwenye majina, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo maduka yanapopoteza wateja. Kombe la Stanley la mpira wa magongo wa barafuni huko Amerika Kaskazini ni moja ya makombe yanayoheshimiwa zaidi duniani, lakini liliandikwa "BQSTQN" badala ya Boston kwa mabingwa wa 1972, "LEAES" badala ya Leafs kwa Toronto ya 1963, na "ILANDERS" kwa New York Islanders wa 1981. Makosa hayo hayakusahihishwa. Yao yamekuwa historia inayosimuliwa. Yako yatakuwa ngao iliyorudishwa mbele ya wafanyakazi wote.

Usikubali orodha ya mkono, wala ya kusomewa kwenye simu. Omba iliyochapwa, ikiwezekana kwenye Excel, na uiingize kwenye programu ya usanifu ya CorelDRAW kwa njia ya kuunganisha data ili hakuna jina linaloandikwa upya na kidole chako. Mohamed, Mohammed na Muhamadi ni watu watatu tofauti, na kila mmoja ana haki ya herufi zake. Huko kwenu kuna majina ya Kisukuma yenye Ng'w. Hakikisha ile alama ni ya kweli na haikupotea faili lilipohama kompyuta, maana "Ngwandu" si jina la baba wa Ng'wandu. Uliza Dkt., Mhe., Mch., Alhaji: nani ana cheo kipi, na kama anataka kiandikwe. Halafu mtengenezee mteja picha ya pleti zote kama zitakavyotoka, umtumie, na usiwashe mashine mpaka aandike kwa mkono wake "nimehakiki, chonga". Ujumbe huo usiufute. Dukani kwako msome wawili, mmoja akitaja herufi moja moja na mwingine akifuata kwa kidole.

Mashindano ya kuhifadhi Qur'ani yatakuletea tuzo zenye maandishi ya Kiarabu, hasa Ramadhani. Programu nyingi za leza haziunganishi herufi hizo. Zinazitenganisha na wakati mwingine kuzipanga kutoka kushoto. Maandishi yaandaliwe mahali yanapoonekana sahihi, yageuzwe kuwa michoro ya vekta (ya mistari, isiyoharibika ikikuzwa), ndipo yaende kwenye mashine, na anayesoma Kiarabu ayaone kabla na baada. Kosa katika aya si sawa na kosa katika jina la mtu, na hakuna punguzo la bei litakalolifuta.

Nembo pia. Utaletewa picha iliyopigwa ukutani au iliyokatwa kwenye barua. Dai faili la vekta kutoka ofisi yao ya mawasiliano. Wasipokuwa nalo, ichore upya na uitoze kama kazi yake, kwenye mstari wake wa ankara.

Hapo tumeingia kwenye bei. Wengi huchukua bei ya ngao tupu wakaizidisha mara mbili, kisha mwisho wa mwaka hawajui faida ilikwenda wapi. Mimi hupanga bei kwa saa. Chukua mfano wa hesabu tu, uweke tarakimu zako: tuseme mashine na vifaa ni shilingi 9,000,000 unazotaka zirudi ndani ya miezi 36, hiyo ni 250,000 kwa mwezi. Kodi ya pango, umeme, mshahara wa msaidizi na wako mwenyewe, tuseme 950,000. Jumla 1,200,000. Ukifanya kazi siku 26, na kila siku saa 4 tu ndizo za kazi inayolipwa kweli (nyingine zinaliwa na wateja, kufuta lenzi na kusubiri umeme), una saa 104. Kila saa inakugharimu kama 11,500.

Sasa ngao: mbao 14,000, pleti 3,000, boksi 2,000. Ongeza asilimia 10 ya vitakavyoharibika, inafika 20,900. Kupanga, kuchonga na kuunganisha dakika 24, yaani 4,600. Umefika 25,500 na bado hujapata hata senti ya faida. Ongeza asilimia 30, uza kama 33,000. Anayekuja na oda ya moja, saa ya kupanga haigawanyiki, kwa hiyo weka kiwango cha chini cha malipo cha duka na usikishushe. Anayekuja na 45, dakika za kila moja zinapungua, na punguzo lako litoke hapo, lisitoke kwenye mbao.

Kazi ninayokushauri uitafute kwa bidii ni kombe la kuzunguka: la ligi ya mtaa, la shule, la kampuni. Linarudi kila mwaka kuongezewa pleti moja ndogo ya mshindi. Pleti yenyewe ni ya bei ya chini sana, lakini anayelileta analeta na medali na vikombe vya mwaka huo. Hifadhi faili la kila pleti, aina ya herufi na vipimo, ili ya mwaka ujao ifanane na ya mwaka huu.

Panga mtaji kwa majira. Kuna Mei Mosi, Nane Nane, mahafali ya darasa la saba na kidato cha nne kuanzia Septemba, vyuo vikuu mwishoni mwa mwaka, na hafla za kampuni Desemba. Ngao tupu nunua miezi miwili kabla, kwa sababu wote wanazikimbilia wiki ileile. Mteja binafsi atoe kianzio cha angalau asilimia 60, kwa sababu kilichoandikwa jina hakiuziki kwa mwingine.

Na taasisi yako ya umma? Ikubali, kwa masharti. Taasisi za umma hununua kupitia NeST, mfumo wa manunuzi ya umma wa mtandaoni ulioanza 2023, kwa hiyo jisajili leo kabla ya kitu kingine. Usinunue hata mbao moja kwa ahadi ya mdomo. Subiri oda ya maandishi. Malipo yanaweza kuchelewa, basi bei yako ibebe miezi hiyo, na kumbuka watakata kodi ya zuio ya asilimia 2 kwenye bidhaa. Dai cheti chake. Kama mtaji wako hauwezi kukaa nje miezi mitatu, waombe wagawe oda au uikatae sasa, mapema, kwa heshima.

Mashine isiwe kikwazo. Uchongaji mpe fundi mwenye nayo, wewe shika mbao, majina na tarehe. Wala usinunue mashine kwa haraka ili uijifunzie kwenye kazi hii.

Majina ya wafanyakazi bora hutoka kwa kuchelewa, na mengine hubadilishwa usiku wa kuamkia sherehe. Kwa hiyo usichonge jina kwenye mbao. Kwenye mbao chonga nembo, jina la taasisi, mwaka na maneno ya tuzo, na hayo yakamilike kufikia tarehe 15 Aprili. Jina la mtu liende kwenye pleti ya peke yake, iliyokatwa tayari, yenye gundi ya tepu nyuma. Kwenye gofu ya The Open huko Uingereza mchongaji huandika jina la mshindi kwenye kombe ndani ya dakika chache baada ya matokeo, kabla halijakabidhiwa, na anaweza kwa sababu kila kitu kingine kilishamalizika. Pleti 45 kwa dakika tatu kila moja ni kazi ya saa mbili na robo. Funga kupokea majina tarehe 25, chonga tarehe 26, kabidhi tarehe 28 dhidi ya saini ya kupokea. Katisha pleti tupu 8 za ziada, na ukubaliane na fundi mapema kwamba jioni ya tarehe 30 mashine yake iko wazi kwako na simu yake haijazimwa.